Mchezo ulionifunza kushindwa

Mpenzi msomaji, iko michezo inayokubembeleza na iko michezo inayokutandika. Ile inayokubembeleza nadhani unaijua vyema, maana imejaa tele katika simu za watoto wako. Mtoto akigusa kioo mara moja tu, anamwagiwa nyota na sarafu za dhahabu. Akishindwa, anaulizwa kama angependa kurahisishiwa mambo, au alipe shilingi kadhaa avushwe bila kutoa jasho. Hiyo leo tuiweke kando. Nataka nikusimulie kuhusu mchezo wa aina ya pili, mchezo wa mbio za vyombo vya siku zijazo, ambao ulitutandika sisi watoto wa mitaa ya Eastlands, Nairobi, zaidi ya miaka 25 iliyopita. Tena nisikufiche, naukumbuka kwa mapenzi kuliko michezo yote niliyowahi kuicheza.

Mchezo huo unaitwa WipEout. Ulitoka Uingereza tarehe 29 Septemba mwaka wa 1995, siku ile ile ambayo mashine ya PlayStation ya kampuni ya Sony ilianza kuuzwa barani Ulaya. Waliouunda ni kampuni ya Psygnosis ya mji wa Liverpool. Najua wewe ukisikia Liverpool unawaza kandanda, lakini mji huo ulikuwa pia na mafundi stadi wa michezo ya video. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka wa 1984, na Sony ikainunua mwaka wa 1993.

Husimuliwa kwamba wazo la mchezo huu lilizaliwa kwenye baa moja kule Birkenhead, ng'ambo ya mto Mersey, Nick Burcombe na mchoraji Jim Bowers walipokuwa wakipiga soga. Burcombe alikuwa amegundua kwamba mbio za Super Mario Kart, mchezo wa Nintendo, zilimnogea zaidi alipozima sauti yake na kufungulia muziki wa dansi wa vijana wa wakati huo. Bowers naye alikuwa amechora picha za vyombo vya ajabu vinavyokimbizana angani. Wakaunganisha mambo hayo mawili, na mtoto akazaliwa.

Mambo yenyewe yamewekwa mwaka wa 2052. Vyombo havina magurudumu. Vinaelea juu ya barabara kama kipande cha barafu juu ya meza iliyolowa maji. Timu ni 4, nazo ni AG Systems, Auricom, Qirex na FEISAR, na kila timu ina marubani wawili, kwa hivyo vyombo 8 hushindana kwa wakati mmoja. Nembo na maandishi yake yalibuniwa na The Designers Republic wa Sheffield, na yalikuwa ya kupendeza kiasi kwamba vijana waliyachora kwenye madaftari ya shule. Muziki mwingi ulitungwa na Tim Wright. Diski yenyewe uliweza kuitia katika redio ya CD na kuusikiliza muziki huo kama albamu ya kawaida, mradi uuruke wimbo wa kwanza, ambao kwa kweli haukuwa wimbo bali ni mchezo wenyewe.

Labda utauliza, ugumu uko wapi basi? Ugumu, ndugu yangu, ulikuwa ukutani. Barabara ni nyembamba, imezingirwa kuta pande zote mbili, na inapinda kama nyoka aliyekanyagwa. Chombo chako kikigonga ukuta, hakikwaruzi kidogo na kuendelea na safari. Kinasimama. Mwendo wote uliouchuma kwa nusu dakika unayeyuka kama moshi, na wenzako wanakupita mmoja baada ya mwingine huku ukihangaika kujinasua. Na ili uruhusiwe kusonga mbele katika ubingwa, sharti umalize miongoni mwa watatu wa kwanza. Nambari 4 ilikuwa sawa na nambari 8. Hupewi pole wala zawadi ya kushiriki.

Isitoshe, padi za PlayStation za mwanzo hazikuwa na vile vijiti vya kuzungushwa kwa kidole gumba. Hivyo vilikuja mwaka wa 1997. Wewe ulikuwa na vitufe tu, na kitufe hakijui habari ya kugeuka kidogo. Ama umebonyeza, ama hukubonyeza. Siri ilikuwa katika vitufe viwili vya mbele, L2 na R2, ambavyo vilifunga breki ya upande wa kushoto na breki ya upande wa kulia. Kona uliianza kabla hujaiona na ukaiacha kabla haijaisha. Ukingoja uione kwa macho, umechelewa.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, lakini kwenye WipEout mwenda pole alimaliza wa mwisho. Walisema pia haraka haraka haina baraka, na kwa hilo waliogonga ukuta walikubaliana nao. Mchezo ulitaka kitu kilicho katikati ya methali hizo mbili, yaani haraka yenye adabu. Kukipata ndiko kulikotuchukua miezi.

Sasa nikueleze jinsi mchezo wa Liverpool ulivyofika Eastlands.

Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja hapa jijini kwa miaka 17. Unakumbuka jinsi neno "kupunguzwa" lilivyotembea mjini katika miaka ya tisini kama homa. Watumishi wa serikali walipunguzwa kwa maelfu kutokana na masharti ya mageuzi ya uchumi, na makampuni ya watu binafsi nayo yakafuata mkondo. Mjomba alipewa bahasha yake Ijumaa moja ya mwaka wa 1997, saa kumi jioni, akiwa angali amevaa ovaroli. Hakuwa amegombana na mtu, wala hakuwahi kukosa kazini. Jumatatu iliyofuata aliamka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida, akanyoa ndevu, akakumbuka kwamba hana pa kwenda.

Mimi nilikuwa ninangoja kuingia kidato cha kwanza. Mama alikuwa akiuza mitumba Gikomba na kutulea peke yake, na Mjomba alikuwa ameahidi kwamba nusu ya karo yangu ingekuwa juu yake. Baada ya bahasha ile, hakuna aliyeitaja tena ahadi hiyo nyumbani. Mama alianza kusema kwa sauti ya chini kwamba mtoto akikaa nyumbani mwaka mmoja si mwisho wa dunia. Nilimsikia kupitia pazia lililogawa chumba chetu.

Basi ikatokea kwamba jamaa mmoja wa mkewe Mjomba alirudi kutoka Uingereza na PlayStation na diski chache kwenye sanduku. Mashine hiyo ilikubaliana vizuri na runinga zetu kwa kuwa nasi tulitumia mfumo wa picha wa PAL kama Waingereza. Mjomba aliitazama siku mbili, akaifungua, akaifunga, kisha akainunua kwa sehemu ya zile pesa za kuachishwa kazi. Akapanga chumba kilichokuwa cha kinyozi, akatia runinga na mabenchi mawili, akaandika mlangoni kwa rangi nyeupe: GEMU. Baadaye alipata mashine ya pili. Mechi ya kandanda ilikuwa shilingi 10, na mbio moja shilingi 5.

Mama hakufurahi hata chembe. "Ndugu yangu," alimwambia, "mtu mzima wa miaka arobaini na kitu anaketi na watoto wa watu kutazama vikaragosi? Watu watasema nini?"

"Dada, watasema nimefungua duka," Mjomba akajibu.

Masharti ya chumba kile yalibandikwa ukutani. Hakuingia mtu mwenye sare ya shule kabla ya saa kumi jioni. Hakukuwa na kuwekeana dau. Aliyetukana alilipa shilingi 5 na asicheze. Mimi nikapewa kazi ya kuandika daftari la mapato kila Jumamosi na wakati wa likizo, nikaketi pembeni na kalamu yangu, msichana peke yangu katikati ya wavulana ishirini.

Wavulana walipigania kandanda. Ile mashine yenye WipEout ilikuwa ya wale waliochoka kungoja zamu. Wangekaa, wagonge ukuta mara kumi, waseme mchezo ni mbovu, waondoke. Kibiashara haikuwa hasara, maana aliyeshindwa upesi aliiacha nafasi upesi. Lakini jambo hilo lilimkera Mjomba. Alikuwa fundi. Kwake hakukuwa na mtambo mbovu mpaka uufungue uone.

Akaanza kuucheza mwenyewe usiku, baada ya kufunga mlango saa mbili. Mwanzoni alikuwa kichekesho. Vidole vyake vinene vilivyozoea spana vilibonyeza vitufe vitatu kwa mpigo. Lakini yeye hakucheza kama sisi. Alichukua karatasi ya kalenda ya mwaka uliopita, akaigeuza, akachora kwa penseli barabara ya Altima VII, ile ya kwanza kabisa, ambayo katika hadithi ya mchezo iko Canada. Akatia alama kila kona. Hapa breki ya kushoto. Hapa inua pua. Hapa usiguse kitu. Akigonga ukuta, anaweka padi chini, anachukua penseli, anatia alama nyekundu, anaanza upya. Hakulaani wala hakupiga runinga kofi kama wavulana walivyofanya.

Siku moja nilimuuliza kama hachoki kugongwa mahali pale pale. Akaniambia maneno ambayo wakati ule niliyaona ya kawaida sana.

"Ukuta huu ni wa haki, mwanangu. Jana ulikuwa hapa, leo uko hapa, na kesho utaukuta hapa hapa. Ukikugonga, unajua utaanzia wapi."

Nilikuwa na umri wa miaka 14. Nilidhani anazungumza juu ya mchezo tu. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba alikuwa akiulinganisha ukuta ule na mwingine, ukuta uliomtokea Ijumaa saa kumi jioni mahali ambapo kwa miaka 17 palikuwa barabara nyeupe.

Likizo ya Desemba mwaka wa 1998 ndipo nami nilipoingia vitani. Nilichagua timu ya FEISAR, kwa sababu chombo chake kilikuwa chepesi kugeuka kuliko vyote, ingawa mwendo wake wa juu ulikuwa mdogo. Wavulana walinicheka. Wao walipenda Qirex, chombo kizito chenye mwendo wa kutisha, ambacho kilikwenda kama risasi na kugonga ukuta kama risasi. Nilifurahi pia kuona kwamba miongoni mwa marubani wa FEISAR na Auricom walikuwamo wanawake, na wala mchezo haukulifanya jambo hilo kuwa habari. Walikuwa marubani tu kama wengine.

Wiki ya kwanza nilimaliza wa 8 kila mara. Wiki ya pili nikaanza kumaliza wa 6. Nilikuwa na ramani ya Mjomba magotini, na Mjomba mwenyewe ameketi nyuma yangu akikarabati redio ya mtu. Hakunifundisha sana. Nilipogonga alisema tu, "Mapema zaidi." Nilipogonga tena alisema, "Mapema mno." Basi. Kisha jioni moja, kabla ya Krismasi, vidole vyangu vilianza kona ya mwisho ya Altima kabla sijawaza, nikapita katikati kama uzi katika tundu la sindano, nikamaliza wa 3. Wavulana waliokuwa kwenye kandanda waligeuka. Mjomba hakupiga makofi. Alisema, "Sasa nenda Karbonis," yaani barabara inayofuata.

Ulikuwa mchezo wa namna hiyo. Ukimaliza barabara moja unapata nyingine iliyo kali zaidi. Ukishinda ubingwa wa daraja la Venom unafunguliwa daraja la Rapier, ambapo kila kitu ulichojifunza kinakwenda kwa kasi zaidi na hakikufai tena. Silverstream, iliyowekwa Greenland, ilikuwa ndefu na yenye vichochoro vilivyotufanya tusahau kupumua. Mjomba aliichorea karatasi mbili.

Na karo je? Karo, msomaji, ililipwa. Muhula wa kwanza ulilipwa nusu kwa mitumba ya mama na nusu kwa akiba ya mwisho ya Mjomba. Lakini muhula wa pili mama na Mjomba walikwenda pamoja shuleni wakiwa na mfuko wa turubai uliojaa sarafu za shilingi 5 na za shilingi 10. Karani alizihesabu zote mezani, akizipanga kama vinara vidogo, na mama alisimama hapo bila kusema neno. Tangu siku hiyo sikumsikia tena akiuliza watu watasema nini. Jumamosi iliyofuata alileta uji wa chupa kwa ajili ya Mjomba, akachungulia chumbani, akaona vyombo vikiruka kwenye runinga, akauliza, "Huyo wa rangi ya samawati ni nani?"

Sitaki ufikiri kwamba kila kitu kilikuwa asali. Nyingine katika zile sarafu zilikuwa pesa za mkate ambazo mtoto aliambiwa anunulie nyumbani. Mjomba alilijua hilo, na mara kadhaa alimrudisha kijana kwao na sarafu zake mkononi. Lakini hakuweza kumjua kila mmoja. Wako vijana wa enzi hiyo ambao vyumba kama vile viliwala shule yao, na wazazi waliotuogopa hawakuwa wapumbavu. Ukinisikia nikiusifu mchezo huu, usidhani ninakuambia umwache mwanao aketi mbele ya runinga tangu asubuhi hadi usiku.

Mwisho wa chumba kile haukuletwa na wazazi wala na askari. Uliletwa na mvua iliyokataa kunyesha. Ukame ulipiga mwaka wa 1999 na wa 2000, maji yakapungua kwenye mabwawa ya mto Tana yanayotuzalishia umeme, na mwaka wa 2000 stima ikawa ya mgao nchi nzima. Ukiwa mwenye kibanda cha gemu, stima ikiwa haipo mchana huna biashara. Nakumbuka mbio moja ya Silverstream niliyokuwa ninaongoza, zikiwa zimebaki kona chache, runinga ikafanya nukta moja nyeupe katikati ya kioo, kisha giza. Nilibaki nimeshika padi. Mjomba aliwasha mshumaa na kuniambia niandike kwenye daftari kwamba mbio hizo hazikuisha, mwenye nazo asilipishwe. Mwenye nazo nilikuwa mimi.

Alifunga chumba kabla ya mwaka huo kwisha. Mashine moja aliiuza, ile ya WipEout akaiweka kwenye katoni. Akarudia kukarabati redio, pasi na runinga, kazi aliyoweza kuifanya mchana kwenye mwanga wa jua na kuijaribu stima iliporudi. Kidato cha nne nilikimaliza kwa pasi za watu.

Ama wale walioutengeneza mchezo, waliendelea. Mwaka wa 1996 walikuwa wametoa WipEout 2097, ambayo sisi tuliipata kwa kuchelewa sana. Humo ukigonga ukuta unaweza kuteleza kando yake na kuendelea, ijapokuwa kwa kupoteza mwendo, na chombo kinaweza kuharibika kabisa ukizidi. Wajuzi wengi huuhesabu kuwa mchezo bora zaidi, nami nikiusema ukweli nakubaliana nao. Mjomba aliucheza mbio tatu akasema, "Ukuta wameupaka mafuta." Akarudi kwenye ule wa kwanza.

Zikafuata WipEout nyingine kwa miaka mingi. Kisha tarehe 22 Agosti mwaka wa 2012, Sony ilitangaza kwamba inaifunga ile karakana ya Liverpool, ambayo wakati huo iliitwa Studio Liverpool. Mchezo wao wa mwisho wa jina hilo, WipEout 2048, ulikuwa umetoka mapema mwaka huo huo. Mkusanyiko mmoja wa michezo ya zamani ulitolewa mwaka wa 2017 kwa PlayStation 4, lakini mafundi wa Liverpool walikuwa wamekwisha kutawanyika.

Nilikuwa kazini niliposoma habari hizo. Nikampigia Mjomba simu, kwa kuwa sikumjua mtu mwingine katika Kenya hii ambaye zingemhusu. Alinyamaza kidogo.

"Kwa hivyo nao wamepewa bahasha," akasema.

"Ndiyo, Mjomba."

"Walikuwa mafundi wazuri," akasema. "Kuta zao zilikuwa zimenyooka." Kisha akaniuliza kama watoto hawajambo.

Nimekusimulia haya yote, mpenzi msomaji, kwa sababu ya kijana wangu wa miaka 13. Ni mtoto mwema, lakini jambo likimpinga mara mbili hulitupa. Hesabu zikimshinda ukurasa mmoja, anafunga kitabu. Mwezi uliopita niliitoa ile katoni, nikaiunganisha mashine na runinga kuukuu ya chumbani, nikamtilia WipEout. Aligonga ukuta kama mara ishirini katika dakika kumi. Kisha akanigeukia kwa uso wa dhati kabisa.

"Mama, chombo kizuri zaidi kinanunuliwa wapi?"

Nilicheka mpaka nikakaa. Nilipomwambia kwamba hakiuzwi, aliona nimemdanganya. Kwake yeye, mchezo ambao hauwezi kuulipa ukuache upite ni mchezo ulioharibika.

Ningependa kukuambia kwamba sasa ni bingwa wa Altima na kwamba anaongoza darasani kwa hesabu. Sivyo. Aliucheza siku nne, akafika wa 5, akarudia simu yake. Lakini katika siku hizo nne niliketi nyuma yake na shati la kushona vifungo, na nilijisikia nikisema, "Mapema zaidi." "Mapema mno." Hapo nikaelewa jambo ambalo kumbukumbu tamu ilikuwa imenificha.

Wengi wa rika langu husema kwamba ugumu ulitufunza, na kwamba watoto wa leo wameharibiwa na urahisi. Mimi sina hakika. Ugumu peke yake haufunzi kitu. Kupunguzwa kazi kulikuwa kugumu, na sijaona kulimfunza Mjomba lolote isipokuwa kuamka alfajiri bila pa kwenda. Ukame wa mwaka wa 2000 ulikuwa mgumu, na haukumfunza mtu kona yoyote. Kilichonifunza kwenye chumba kile kilikuwa ugumu wenye mambo matatu pamoja. Ukuta ulikaa mahali pake. Kushindwa hakukuwa ghali, kwani kwa shilingi 5 ulianza upya kama mtu mpya. Na nyuma yako aliketi mtu mzima aliyekuwa ameugonga ukuta huo huo jana usiku, na ambaye hakukucheka.

Ondoa jambo moja katika hayo, na linalobaki ni mateso tu. Mtoto anayechapwa leo kwa kosa lililochekewa jana, ukuta wake unahamahama. Mtoto ambaye akianguka mtihani mmoja anaambiwa amekwisha, huyo kushindwa kwake ni ghali mno, na hawezi kujaribu kona kwa moyo mweupe. Na yule tunayempa kitabu kigumu kisha tukaenda zetu sebuleni kutazama habari, anabaki peke yake na ukuta. Huyo akifunga kitabu, nani wa kulaumiwa?

Mjomba sasa amepita miaka 70 na anaishi mashambani. Macho yamepungua nguvu, lakini bado majirani humletea redio. Ramani ya Altima ninayo mimi, ile karatasi ya kalenda, imekunjwa ndani ya daftari la mapato. Alama nyekundu zimejaa kila kona, na kwenye kona ya mwisho nilihesabu 31. Ya thelathini na mbili haipo.

Kwa hivyo wiki hii ukimwona mwanao ameshindwa na jambo, iwe ni mchezo au hesabu au kamba za viatu, usikimbilie kumvusha, wala usimhubirie jinsi maisha ya zamani yalivyokuwa magumu. Vuta kiti ukae nyuma yake. Chukua kazi yoyote ya mikono ili asione kwamba unamchunguza. Na akigonga, mwambie neno moja tu la kumsaidia, kisha mwache aanze tena.